Kigoda cha Kahawa

"Hebu soma, Hirut," mama alisema, akitikisa kikaango cha kahawa juu ya makaa. "Hiyo nyonga ya bandia wanasemaje?"

Kesho yake asubuhi angeingia chumba cha upasuaji, hapa hapa Addis Ababa. Nikamsomea kutoka mtandaoni, kwenye simu: "Utarudi kucheza gofu baada ya miezi mitatu."

"Gofu!" Akacheka mpaka buni zikaruka. "Waambie gofu nilishastaafu. Na kigoda changu je?"

Kigoda chenyewe kilikuwa kifupi kama sufuria, kimeng'aa kwa kukaliwa. Hapo ndipo alipokaangia kahawa ya harusi zetu na misiba yetu, majirani wamemzunguka.

Nikateremka kwenye ukurasa, nikaipita picha ya mzee akicheza gofu, hadi chini kabisa, penye maandishi madogo. Usikalie kiti kilicho kifupi kuliko usawa wa magoti yako. Hadi lini? Hawakusema.

"Wanasemaje?"

"Kigoda hawajakitaja, mama."

Akakitazama kidole changu, kilichoganda juu ya kioo cha simu. Kisha akashika ukuta, akajiinua taratibu kutoka kigodani, akanipa kikaango.

"Kaa," alisema. "Na buni usije ukaziunguza."