Dakika Mbili za Turbo

Fundi Mbaruku aliitikisa turbo, pampu ya hewa ya injini, kwenye gari la marehemu, ikacheza kama jino bovu.

"Bi Mwanahawa, nani analiendesha siku hizi?"

"Mimi, tangu tumzike mume wangu."

"Ukifika unazima papo hapo?"

"Sasa nikae ndani nifanye nini?"

"Turbo ya zamani haizimwi ikiwa moto, mama. Unaiacha injini ingurume dakika mbili, turbo ipoe. Mzee hakukwambia?"

Mwanahawa aligeukia kiti cha dereva. Miaka kumi na moja alimchungulia mumewe kupitia dirishani kila aliporudi, kaganda garini injini ikinguruma, akimpokea kwa neno lile lile: "Kama hutaki kuingia, rudi ulikotoka." Naye mume hakujitetea hata mara moja.

Ilipofungwa turbo nyingine, Mwanahawa alifika kwake, akasimamisha gari bila kuzima injini. Dakika mbili zikapita. Pazia la dirishani halikutikisika, na mkono wake haukugusa ufunguo.