Chanjo ya Arobaini

Siku ya arobaini, kama watoto wote wa Pangani siku hizi, Tunu wangu alichanjwa chanjo ya chumvi. Sasa anakunywa maji ya bahari. Maji ya mto, tunayokunywa sisi tuliozaliwa kabla ya sheria ya chanjo hiyo, yakimwingia yanamvimbisha.

"Na kunyonya je?" nilimwuliza nesi.

"Wewe ni wa maji baridi, mwanangu, na maziwa yako ni hayohayo. Mwachishe."

Lakini darasa la jioni tulifundishwa kwamba penye mlango wa mto maji hayo mawili huchanganyika. Nikasema basi, hata sisi tutachanganyika. Wiki nzima Tunu akanywa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji ya bahari, nami nikatia chumvi kwenye uji wangu, hata kwenye chai, ili maziwa yangu nayo yakolee. Mama mkwe akanicheka: "Utakauka kama samaki ng'onda, mwana wee!"

Leo asubuhi nimempa titi. Ameonja, akatema, akanigeuzia kisogo kama vile mimi ni mgeni.

Nikalia. Chozi likamdondokea mdomoni. Tunu akalilamba, akatabasamu, akaachama akingoja jingine.