Mpira Ndani ya Pipa la Dawa

Tupokigwe aliona dawa ikipungua ndani ya pipa, ingawa hakuna aliyeichota.

Alikuwa ameuzamisha mpira wa bomba humo ili dawa ya wadudu wa viazi isitoe povu wakati wa kuchanganya. Kisha maji ya kijiji yakakatika. Sasa mpira uliokuwa ukilijaza pipa ulikuwa ukilinyonya, na ukutani mwa pipa utepe mweupe wa dawa iliyogandia ulizidi kupanuka kadiri dawa ilivyoshuka.

Bomba lake na la wifi yake, aliyekaa chini ya mteremko, lilikuwa moja. Maji yakikatika, yaliyobaki ndani huteremkia kwa yule anayefungua chini.

Akauchomoa mpira, akakimbilia ukingoni mwa shamba. Wifi yake alikuwa amefungua bomba, na mwanawe mdogo ameshika kikombe.

"Wifi, funga! Msinywe! Maji yana dawa!"

Wifi akacheka. "Juzi yalikuwa na panya aliyekufa. Jana yalikuwa na kinyesi. Kila ukitaka maji yote yaende kwenye viazi vyako, sisi huku tusinywe?"

"Juzi na jana nilidanganya! Haki ya Mungu, leo ni kweli!"

"Eti leo ni kweli," wifi akamwambia mtoto, huku akimjazia kikombe. "Kunywa, baba. Kunywa shangazi yako akuone."

Mtoto akakunja uso baada ya funda la kwanza.

"Malizia," mama yake akasema.