Somo la Sheria

Josiah aliingia darasani bila kubisha hodi. Zamani alikuwa mtumwa wa Profesa Harwell, na katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani ndiye aliyembeba bwana wake mgongoni bwana huyo alipopigwa risasi.

"Bwana, kesi ya mwanangu ni kesho. Wanasema ameiba farasi, lakini si yeye. Asipopata wakili, watamnyonga."

Wanafunzi, wana wa askari wa Kusini waliopigana pamoja na Profesa kutetea utumwa, waliacha kuandika. Profesa alijua kwamba akimtetea kijana yule mweusi, chuo kitamfukuza.

"Uwakili niliuacha, Josiah."

"Mimi sikukuacha, bwana."

Profesa aliinamisha macho mezani. Josiah akatoka.

Profesa akaugeukia ubao, akainua chaki, lakini hakukumbuka alitaka kuandika nini. Dirishani alimwona Josiah amesimama langoni juani, akiitazama barabara huku na huku, asijue aende wapi.