Kwangu Linapita

"Kwangu jaribio la kukagua dozi linapita," alisema wifi yangu, kidole chake chenye rangi ya kucha iliyobanduka kikiwa juu ya kitufe cha kufuta cha kompyuta yake. "Kwako ndiko linagoma. Nalifuta, wifi. Hospitali wanasubiri programu yao."

Nikamshika mkono. "Umeliendesha ukiwa kwenye folda gani?"

"Ya ndani."

"Mimi ya nje. Basi faili la dozi linatafutwa kuanzia pale ulipo. Kwangu halionekani, na kwako sijui linaokotwa lipi."

Kwa mkono uliobaki nikaandika, kwenye kompyuta zote mbili, njia moja kamili ya kulifikia faili jipya, isiyojali umeanzia wapi. Tukabonyeza pamoja.

Skrini zote mbili zikawa nyekundu, jaribio limegoma kote: dozi ya mtoto mchanga ilitoka mara mbili ya kipimo.

"Kumbe langu lilikuwa linasoma faili la zamani," akanong'ona.

"Haya," nikasema, nikimwachia mkono. "Lifute sasa, kama bado unataka."