Mlango Uliomwita Mama Mgeni

Mashavu alitaka bomba la jikoni litengenezwe, basi. Siku hizi kila nyumba mjini Tanga inaendeshwa na tovuti yake iliyoandikwa kwa PHP, lugha ya kompyuta, na sheria haimruhusu mwenye nyumba kuandika programu yoyote mwenyewe. Kila kazi lazima itoke kwenye vifurushi vya programu vya Ghala, ofisi inayovigawa. Kifurushi kipya cha bomba kikavuta na vingine, kama mbuzi waliofungwa kamba moja, na cha mlangoni kikafutwa. Hicho ndicho kilichokuwa kikimwambia mama yake Mashavu, aliyekuwa msahaulifu, kila alipoingia, "Bi Kibibi, umefika kwako."

"Kirudisheni!" Mashavu alimfokea Sudi wa Ghala kwenye simu.

"Dada, nyumba moja tu ndiyo inakitumia. Kimeondolewa."

"Nilikiandika kwa mkono wangu, kabla hamjatupiga marufuku. Mliapa mbele ya mtaa mzima kwamba vyetu vya zamani hamtavigusa. Mimi sisahau, Sudi!"

"Basi rudisha kifurushi cha zamani cha bomba, kila kitu kitarudi."

"Nacho mmekifuta!"

"Ah! Pole, dada."

Bi Kibibi akaingia kutoka uani, alikokwenda kuanika khanga.

"Karibu, mgeni," mlango ukasema.

Bi Kibibi akasita, akavua kandambili, akaketi kwenye ukingo wa mkeka wake mwenyewe. Mashavu akaitupa simu, akamkimbilia.

"Mama, hapa ni kwako!"

"Ahsante, mwanangu, nyie wakarimu," alisema, akijitanda khanga vizuri. "Ila nisikae sana. Kwangu wananingoja."