Kijiko Kwenye Wimbo

Mteja wangu alianza kulia nikiwa nimemsuka nusu kichwa.

"Dada, mumeo ametumaliza," alisema, akiongeza sauti ya simu yake. "Miaka yote tumezoea kumsikia akipiga makelele na bendi yake ya roki, kumbe ana uchungu hivi! Yeye na gitaa lake tu. Mpaka pumzi zake unazisikia."

Nilitabasamu. Albamu ile aliirekodi jikoni kwetu, nilipokwenda kumuuguza mama. Hakutaka kusafisha sauti yoyote. Kila kilichonaswa kibaki. Aliniambia nyimbo zote ni za kunililia mimi, akiwa peke yake kwenye nyumba tupu. Nami nikavimba kichwa.

"Sikiliza hapa," mteja alisema. "Hapa ndipo ninapokufa mimi."

Gitaa lilikuwa likitiririka. Chini yake, taratibu, kijiko kilikuwa kikikoroga kikombe.

Vidole vyangu viliganda kwenye nywele zake.

"Hebu rudisha nyuma kidogo."

Akarudisha. Kijiko kilizunguka, kikagonga ukingo wa kikombe, kikatulia. Gitaa halikusita hata kidogo, na gitaa linataka mikono yote miwili. Halafu mume wangu, tangu nimjue, hatii sukari kwenye chai.

"Umesikia, dada? Kama vile umekaa naye humo humo."

Nilifuta mafuta mikononi, nikampigia.

"Mume wangu," nilisema kwa upole, "siku hizi chai unakunywa na sukari?"